Jinsi ya Kukopa Halmashauri Bila Riba na Bila Kufilisika

Hongera. Umesikia redioni, au kwa jirani, au kwa diwani akiwa juu ya gari la matangazo, kwamba halmashauri yako inakopesha fedha bila riba. Habari hiyo ni ya kweli, tena imo kwenye sheria. Mwaka 2018 kifungu cha 37A kiliingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, na tangu hapo kila halmashauri ya Tanzania Bara inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Riba ni sifuri. Benki haina kitu hicho, saccos yako haina, na shemeji yako mwenye duka la jumla ndiyo kabisa.

Mwongozo huu ni wa mgeni, yaani mtu anayeamini kwamba mkopo usio na riba ni mkopo usio na gharama. Wenyeji hawauhitaji. Utawatambua kwenye korido za halmashauri: wana bahasha ya kaki, kalamu yao wenyewe, na chapati mbili kwenye mkoba.

Kwanza ujue wewe ni nani

Asilimia 10 hiyo hugawanywa hivi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpenzi wa kandanda ataitambua mara moja. Ni 4-4-2, mfumo wa makocha wa zamani, na ataona pia kwamba golini hapakupangwa mtu. Kwa miaka kadhaa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amekuwa akituhesabia mabao: vikundi vilivyokopa na sasa havionekani, vikundi vilivyoacha biashara, vikundi ambavyo wanachama waligawana fedha wakatawanyika, na makumi ya mabilioni ya shilingi ambayo hayajarejeshwa. Tutafika huko.

Wewe tafuta fungu lako. Ukiwa mwanamke uliyetimiza miaka 18, unalo. Ukiwa kijana, unalo pia, na hapa pana habari njema: ujana uliokuwa ukiishia miaka 35 umesogezwa na kanuni za sasa hadi 45. Wapo wanaume waliolala wazee wakaamka vijana, wenye mvi, wajukuu na sifa kamili ya kukopa. Mwanamume wa miaka 46 asiye na ulemavu hana fungu. Huyo amshukuru Mungu kwa afya njema, kisha aangalie kama mkewe ana kikundi.

Kuhusu ile asilimia 2, nasema bila utani. Kanuni zinamruhusu mtu mwenye ulemavu kukopa hata akiwa peke yake, na hiyo ndiyo sehemu yenye busara kuliko zote katika mpango mzima. Kwa hiyo kama una ulemavu na jirani ambaye hajawahi kukujulia hali anakuja jioni na soda mkononi kukuomba uwe mwenyekiti wa kikundi chake, muulize mweka hazina ni nani. Akisema ni yeye, kunywa soda, mshukuru, halafu nenda ukaombe mwenyewe.

Tafuta wenzako wanne, na uombe Mungu

Mtu mwingine yeyote haruhusiwi kukopa akiwa mtu mmoja. Lazima awe kikundi. Kanuni za 2019 zilitaka watu 10 kwa wanawake na kwa vijana. Baadaye zikalegezwa hadi 5. Mgeni huona kwamba kupata watu watano ni jambo rahisi. Mgeni hajawahi kutafuta watu watano.

Wa kwanza ni wewe. Wa pili ni rafiki yako, naye anakubali kabla hujamaliza sentensi, jambo ambalo lingepaswa kukutia wasiwasi. Wa tatu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu makini kweli, anayejua kuandika mukhtasari, lakini ana ajira rasmi na mpango huu si wake. Mshukuru kwa ushauri. Wa nne yumo tayari kwenye kikundi kingine kilichokopa na hakijamaliza, na hatakwambia; utaambiwa na kompyuta. Wa tano hana namba ya NIDA. Anayo ile karatasi ya kuonyesha kwamba aliomba, imekunjwa mara nne, na anaitunza kwa uangalifu mkubwa. Wa sita amehamia Mbagala. Wa saba ni wifi yako. Usimkatae wifi, gharama ya kumkataa wifi haimo katika mwongozo huu.

Mkishatimia, mnachagua viongozi: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Kikundi cha watu watano kinakuwa na viongozi watatu na wananchi wawili, na hao wawili ndio watakaohoji mapato na matumizi. Kisha mnatafuta jina. Majina mazuri yote, Upendo, Tumaini, Amani, Jitegemee, yameshachukuliwa katika kata yako, mengine na vikundi ambavyo vina deni. Usichukue jina la kikundi chenye deni ukidhani utaongeza tu namba mbili mbele yake.

Halafu katiba. Kila kikundi lazima kiwe na katiba, na nafurahi kukujulisha kwamba katiba hupatikana kwa kijana wa steshenari aliye jirani na geti la halmashauri, ambaye anayo moja kwenye kompyuta yake tangu enzi za kanuni za kwanza. Atabadilisha jina na tarehe. Isome yote kabla ya kutia saini, hasa ibara za katikati, maana huko ndiko jina la kikundi kilichopita husahaulika, na utajikuta mmeapa kuendeleza ufugaji wa nyuki ilhali nyinyi ni mama lishe.

Kijana huyohuyo anaandika pia andiko la mradi. Hapa ndipo mgeni huanza kuota ndoto za mchana, kwa sababu kuku wa kwenye andiko hawafi kwa mdondo. Wananunuliwa vifaranga, wanakula kwa kiasi, wanataga wote kwa pamoja, na wateja wanawangoja foleni kwa fedha taslimu. Andiko la sabuni ya maji halina mshindani hata mmoja katika wilaya nzima. Andiko la viti na maturubai ya kukodisha lina harusi kila Jumamosi, hata Kwaresima, hata Ramadhani. Mimi nimesoma maandiko ya namna hii mengi kuliko afya inavyoruhusu, na sijawahi kukutana na mradi uliopata hasara kwenye karatasi.

Lakini uongo mkubwa wa andiko hauko kwenye kuku. Uko kwenye neno "tuta". Tutafuga, tutauza, tutagawana faida. Ukweli, kama ungeruhusiwa kuuandika, ni kwamba nyinyi ni wanawake watano wenye biashara tano: mmoja anauza samaki wa kukaanga, mmoja ana genge, mmoja anashona, mmoja anatembeza mitumba, na wifi hajaamua. Kila mmoja anahitaji mtaji wake, kwa wakati wake, wa kiasi chake. Sheria haina mahali pa kuwakopesha hivyo mlivyo. Inawataka muwe kampuni ndogo ya ufugaji, nanyi kwa adabu mnakuwa.

Barabara ya mihuri

Sasa unaanza safari. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anakutambua kwa barua. Mtendaji wa mtaa anathibitisha kwamba mwenyekiti wa mtaa amekutambua. Mtendaji wa kata anathibitisha kwamba mtendaji wa mtaa yupo. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anakuja kuona mradi, ambao bado haupo kwa kuwa fedha bado hazipo, na fedha haziwezi kuja mpaka mradi uonekane. Usishtuke. Wenyeji huazima kuku.

Mwendee afisa maendeleo kwa heshima, na simaanishi heshima ya bahasha. Mara nyingi ni binti aliyeajiriwa juzi, hana pikipiki, na vikundi anavyopaswa kuvitembelea vimetapakaa kata nzima. Akikwambia "njoo Jumatatu, mama," huenda kweli hana nauli ya kukufikia kabla ya hapo. Wengi wanaomlaani hawajui kwamba fomu zao alizibeba kichwani kwenye mvua.

Juu ya kata kuna kamati, na juu ya kamati hiyo kuna kamati ya halmashauri, na baada ya yote yaliyotokea miaka ya nyuma uhakiki umeongezwa tena juu yake. Kila kamati hukaa kwa ratiba yake, na ratiba hubadilika mbio za Mwenge zikikaribia wilaya. Majuma hayo usiende ofisini kabisa. Watumishi wote wako barabarani wakipaka chokaa mawe, na kikundi pekee kitakachopata mtu wa kukisikiliza ni kile kilichochaguliwa kutembelewa na Mwenge, ambacho nacho hakilali kwa sababu choo chake bado hakijaezekwa.

Siku hizi maombi hupitia mtandaoni, kwenye mfumo unaoitwa Wezesha. Ni hatua nzuri na nisingependa uniache ukidhani naupinga: mfumo humnasa yule mwanachama wa vikundi viwili, na hauna mjomba. Ila ujifunze lugha yake. "Mfumo uko chini" maana yake urudi kesho. "Mfumo haujakusoma" maana yake jina lako la NIDA lina herufi moja zaidi ya jina lako la benki. Na kama hujui kutumia kompyuta utamlipa kijana wa steshenari akujazie. Simama nyuma yake, uhakikishe namba ya simu anayoandika ni yako. Zipo simu za vijana wa steshenari zinazopokea ujumbe wa pongezi kwa niaba ya nusu ya kata.

Wakati unazunguka, weka daftari. Andika nauli ya watu watano kwenda benki kufungua akaunti ya kikundi, maana watia saini lazima waonekane kwa sura. Andika picha za pasipoti, nakala, ada ya usajili, katiba, andiko. Andika na siku ambazo genge halikufunguliwa. Hizo ndizo kubwa kuliko zote na hakuna anayeziandika. Mwishoni gawanya jumla kwa kiasi mlichopata. Jibu litakalotoka halitaitwa riba, kwa sababu sheria imekataza riba.

Uangalie pia usiombe mwaka mbaya. Waliokuwa wamefikisha karatasi zao kwenye kamati ya mwisho mwanzoni mwa 2023 walikuwa na bahati hiyo. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ilikabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, na Aprili Serikali ikasimamisha mikopo yote hadi utaratibu mpya upatikane. Walioiba walikuwa wameshakula. Waliosimamishwa ni waliokuwa foleni. Mikopo ikarejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25, halmashauri 10 zikipangiwa kukopesha kwa kupitia benki kwa majaribio, miongoni mwao majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, na nyingine 174 zikiendelea na njia ya zamani iliyoongezewa kamati. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 2024. Naitaja tarehe hiyo kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Tatizo la Ijumaa

Hapa inabidi niache mzaha kidogo, kwa sababu hapa ndipo mpango mzima unapokosea, na wanaoulalamikia mara nyingi hulalamikia mahali pengine.

Mama anayeuza samaki hahitaji milioni 5 robo ya tatu ya mwaka wa fedha. Anahitaji laki 2 kabla ya Ijumaa. Boti zimerudi na samaki ni wengi, bei imeshuka, na akinunua leo faida yake ya mwezi imepatikana. Au mtoto amerudishwa shule. Au friji imekufa. Mahitaji ya mkopo ya mtu wa kipato cha chini huja na siku yake maalumu, na siku hiyo kamati haikai.

Lakini kuna anayekaa. Ana kiofisi kimoja chenye meza, kalenda na kiti cha plastiki, na mtaani biashara yake inaitwa kausha damu. Haulizi andiko. Hataki katiba. Anataka kitambulisho, mdhamini, na orodha ya vitu vya ndani, ambayo anakuja kuihakikisha mwenyewe kwa macho: televisheni, kitanda, jiko la gesi. Fedha unaondoka nazo siku hiyohiyo. Tuseme ni laki 2, na unarejesha elfu 10 kila siku kwa siku 30. Jumla laki 3. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wenye leseni ambao hawapokei amana. Kwa laki 2 hiyo ni shilingi 7,000. Huyu wa kwako amechukua 100,000. Ukimwonyesha kanuni ya Benki Kuu atakusikiliza kwa makini, kisha atakuuliza kama unauhitaji mkopo au huuhitaji.

Nduguye anaishi ndani ya simu. Huyo hakuja nyumbani kuhesabu vitanda. Alihesabu majina kwenye simu yako, na siku ukichelewa ataliandikia kila jina moja baada ya jingine, kuanzia mchungaji hadi fundi bomba, kwamba wewe ni mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za namna hiyo zinazokopesha bila leseni na kuzipiga marufuku. Wakopaji wake walifurahi sana, wakapakua ya sabini.

Basi tazama mambo yanavyokutana. Kikundi kinaomba mkopo wa halmashauri mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu wawili kati ya watano wanaingia kausha damu, kwa sababu Ijumaa imefika. Mwezi wa tisa fedha za halmashauri zinaingia. Zinakwenda wapi kwanza? Anayekuja mlangoni kila jioni na pikipiki analipwa kabla ya anayeandika barua. Yaani fedha ya umma isiyo na riba, iliyotengwa kwa sheria ya Bunge, inaishia kumlipa riba yake yule ambaye mpango uliletwa ili kumwondoa. Mkaguzi akija ataandika kwamba kikundi hakikutekeleza mradi wa kuku. Ni kweli, hakikutekeleza.

Sitetei vikundi hewa. Vipo vya wizi mtupu, vilivyoundwa mezani kwa majina ya watu wasiojua kwamba wamekopa, na vile haviwezi kuundwa bila mtu wa ndani kushika muhuri. Lakini aina ya pili ya kikundi kilichogawana fedha ni wale wanawake watano wenye biashara tano niliokueleza. Waligawana siku ya kwanza kwa sababu kugawana ndiko kulikokuwa na akili: kila mmoja akaongeza mtaji wake. Kwenye ripoti wako safu moja na wezi, na siku ya kurejesha, aliyefanikiwa anatakiwa amlipie aliyeshindwa, ilhali hakuwahi kufanya naye biashara. Mkopo uliowalazimisha kudanganya ndio unaowashangaa kwamba walidanganya.

Siku ya hundi

Ukifika hapa, vaa vizuri. Kutakuwa na turubai, muziki, sare za vitenge mlizojishonea kwa fedha ambazo bado hamjapokea, na hundi ya mfano ndefu kuliko mweka hazina. Usijaribu kuipeleka benki.

Mgeni rasmi atahutubia. Atasema fedha hizi mmeletewa. Atawataja waliozileta, kwa majina na vyeo, kwa kufuata itifaki, na nyinyi mtapiga vigelegele. Pigeni, haina ubaya, lakini kichwani ukumbuke maana ya mapato ya ndani: ni ushuru wa meza yako sokoni, leseni ya yule fundi cherehani, ushuru wa magunia ya mazao yaliyopita kizuizini, maegesho ya bodaboda. Mlileta wenyewe, kidogokidogo, kwa stakabadhi. Kwa sababu hiyohiyo halmashauri yenye masoko na viwanda ina fungu nono, na ile ya wakulima ambao mazao yao yamekauka ina asilimia 10 ya kitu kidogo sana. Kwa hiyo mkopo wa kuwainua maskini huwa mnene zaidi pale ambapo maskini wana majirani matajiri.

Tatizo la hotuba ya "mmeletewa" ni kwamba watu huielewa. Kitu ulicholetewa hukirudishi. Wajumbe wenye masikio mazuri hutoka pale wakijua kwamba hii ni shukrani ya kura, na miezi mitatu baadaye mtendaji wa kata akija kuulizia marejesho wanamtazama kwa huruma, kama mtu ambaye hakuwepo mkutanoni. Mheshimiwa aliyeitoa hotuba hayuko kwenye msafara wa kudai. Yuko kata nyingine, chini ya turubai jingine.

Kama mradi wenu ni wa vijana, huenda msipewe fedha mkononi bali pikipiki au bajaji, mbele ya kamera, funguo zikining'inia. Kagueni matairi kabla ya kupiga picha. Na muamue mapema nani anaendesha, maana bajaji moja ina usukani mmoja na nyinyi ni vijana watano wenye umri wa miaka 18 hadi 45.

Kurejesha, kwa wale wachache

Wapo wanaorejesha, tena vizuri, na si vigumu kuwatabiri. Ni wale waliokuwa kikundi kabla ya kusikia kwamba kuna fedha. Wengi ni vikoba: wanakutana kila Alhamisi, wananunua hisa, wana mfuko wa jamii wa misiba na uzazi, wana faini ya kuchelewa na faini ya kupokea simu, na mwisho wa mwaka wanavunja wanagawana. Kila mmoja anajua biashara ya mwenzake na anajua ni nani hulia anapodaiwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawatambua, imewapa daraja la nne. Wamekuwa wakikopeshana fedha ndogo, kwa mtu mmoja mmoja, kabla ya Ijumaa, bila andiko, na wanajua kudai bila kung'oa milango.

Kama halmashauri ingenisikiliza, na haina sababu ya kunisikiliza, ningeiomba ipeleke asilimia zake kwa hao waliokwisha kujipanga, iongeze kwenye sanduku lao, na iwaache wakopeshane laki mbilimbili kwa sheria zao. Na majina ya vikundi vilivyokopa, kiasi walichopata na walichobakiza, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, mahali ambapo sasa hivi pamebandikwa tangazo la chanjo ya mbwa ya mwaka juzi. Mama lishe wa jirani angefanya ukaguzi wa kutosha.

Wewe mgeni, mpaka hapo ushauri wangu ni huu: ingia kikoba kwanza, kaa humo mwaka mzima, ndipo mkaombe mkiwa mnajuana. Ukiona haraka haikuruhusu kungoja mwaka, basi shida yako si ya halmashauri, ni ya Ijumaa, na halmashauri haitaiwahi.

Marejesho hulipwa kwa kontroo namba. Usimpe mtu fedha mkononi, hata akiwa na fulana ya halmashauri, hata akiwa amekuja na daftari. Msipolipa mtaandikiwa barua, kisha barua yenye maneno makali, kisha mtaitwa mahakamani wote, pamoja na aliyehamia Mbagala. Mkilipa hadi senti ya mwisho, msitegemee turubai. Hundi ya mfano haina toleo la kurudi, na hakuna mgeni rasmi anayepangiwa kupokea deni lililokwisha. Mtapata stakabadhi. Itolee nakala siku hiyohiyo kabla wino haujafifia, kwa sababu ombi la awamu ya pili linaitaka, pamoja na katiba, andiko jipya, na barua mpya ya utambulisho, ile ya mwanzo ikiwa na saini ya mtendaji ambaye amekwisha kuhamishwa.